Miti ya Kumnyoosha Pareto

Jemutai alikuwa katika banda la tatu, beleshi mkononi, gambuti zimezama kwenye samadi, pikapu ya kijani ilipoingia uani bila hata kupiga honi. Mbwa walibweka. Farasi wote wanne walitoa vichwa nje kwa pamoja, kama majirani waliosikia ugomvi.

Mwanamume mnene wa makamo alishuka, akajipangusa vumbi kwenye suruali.

"Habari ya asubuhi, msichana. Hapa ndipo kwa Mama Rahab, mwalimu wa chuo?"

"Ndipo. Lakini alistaafu."

"Kustaafu si kuhama. Niitie, tafadhali."

Mama Rahab alikuwa amefundisha katika chuo kikuu cha Njoro kwa miaka mingi. Alipostaafu alinunua ekari tano kando ya mashamba ya ngano, akaanza kufuga farasi. Jemutai, msichana wa miaka kumi na mitatu, na rafiki yake Akoth walikuja pale kila jioni baada ya shule na kila Jumamosi kusafisha mabanda. Malipo yao yalikuwa kufundishwa namna ya kumtunza na kumpanda farasi. Mwalimu wao alikuwa Mzee Khaemba, saisi wa pale, yaani mtunza farasi, ambaye alifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Wasichana hao walikuwa wameketi dawati moja tangu gredi ya kwanza. Mtu akimwona mmoja peke yake, alimwuliza mwenzake yuko wapi.

Mgeni alijitambulisha kwa jina la Makhanu. Alitoka Bahati, kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu.

"Natafuta farasi mpole," alisema. "Watoto wetu wengine hawajawahi kusimama. Tukimketisha mtoto juu ya farasi anayetembea vizuri, mgongo wake unajifunza kazi. Farasi tuliye naye amezeeka."

Mzee Khaemba alimtoa Pareto, farasi mweupe kama ua la pareto. Pareto alikuwa mpole mno. Hata kuku walilala kati ya miguu yake. Lakini zamani alikuwa farasi wa mbio, na miaka ya kuzunguka upande mmoja tu ilikuwa imemwachia mwili mgumu. Alipotembea, shingo ilielekea huku na makalio yakaenda kule, kama gari lililowahi kugongwa likapinda chesisi.

Makhanu alimtazama akienda na kurudi. Akatikisa kichwa.

"Uso wake nimeupenda. Mwendo, hapana. Mtoto asiye na nguvu za mgongo akiketi juu ya farasi anayekwenda kombo, atamwagika upande mmoja kama maziwa."

"Nipe wiki sita," alisema Mzee Khaemba. "Atanyooka."

"Wiki sita, mzee. Nitarudi kuona."

Pikapu ilipoondoka, Mama Rahab alibaki ameegemea lango. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka huo na nyasi kavu zilikuwa ghali kuliko unga.

"Sitawadanganya, wanangu," aliwaambia wasichana. "Siwezi kulisha farasi wanne tena. Kuna mtu wa mikokoteni ya mchanga kule mjini ambaye amekuwa akimwulizia Pareto. Bwana Makhanu asipomchukua, itabidi nimpe huyo."

Jemutai alikuwa amewaona wanyama wa mikokoteni ya mchanga. Alikuwa ameona vidonda vya mabegani mwao. Usiku huo alikula nusu ya chakula chake tu.

Jumatatu jioni Mzee Khaemba aliwakuta wakimngojea. Begani alikuwa amebeba miti miwili mirefu ya blugamu iliyochunwa maganda.

"Miti!" Akoth alicheka. "Mzee, tunamfundisha farasi ama tunamjengea boma?"

"Wewe mdomo wako ndio unahitaji boma," alijibu Mzee Khaemba. "Leteni mingine miwili."

Aliilaza miwili ya kwanza chini sambamba, ikiachana kiasi cha mita moja. "Hiki ni kichochoro," alisema. "Farasi akipita katikati na makalio yakiyumba, atagusa mti. Hakuna atakayempiga wala kumvuta. Mti wenyewe utamwambia: rudi katikati."

Miwili iliyobaki aliilaza mbele ya kichochoro, ikikingama njia, ili Pareto aivuke hatua kwa hatua. Nafasi kati ya mti na mti aliipima kwa miguu, kisigino kikigusa kidole: buti zake tatu kamili. Nafasi ikiwa ndefu, farasi anajinyoosha na kujikwaa. Ikiwa fupi, anakanyaga mti. Kwa gambuti za Jemutai nafasi hiyo ilikuwa nyayo nne. Kwa Akoth, aliyependa kupima akiwa pekupeku, ilikuwa tatu na nusu.

"Mimi sina miguu," Akoth alisema akijitazama, "nina mikate miwili." Wakacheka wote watatu, hata Mzee Khaemba.

Siku zikaenda. Kila jioni walimwongoza Pareto kwa kamba katika kichochoro, kwenda na kurudi, mara chache tu. Mwanzoni kwato za nyuma ziligonga mti wa kushoto kila mara: ko! Wiki ya pili ziligonga mara moja moja. Wiki ya tatu Mzee Khaemba alipanga miti minne kwa duara, imesambaa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, ndani karibu karibu, nje ikiachana. Ili aivuke ilimbidi Pareto apinde mwili wote kuanzia shingoni hadi mkiani, na hilo lilimlegeza pole pole, kama mkanda mkavu unaopakwa mafuta. Walimzungusha upande wa kulia, kisha upande wa kushoto alioujua kidogo.

Ni katika wiki ya pili ndipo Jemutai alipofanya kosa. Aliona kazi inakwenda kwa mwendo wa konokono. Akauinua mti mmoja juu ya jiwe bila kuuliza. Pareto akajikwaa, akapiga magoti. Hakuumia, lakini Mzee Khaemba alikasirika.

"Farasi anatazama chini na kuamini alichowekewa," alisema. "Ukimbadilishia bila kumfundisha, umemdanganya. Usirudie."

Jemutai aliomba msamaha kwa machozi, na hakurudia.

Wiki ya nne ilikuwa ya mapumziko mafupi ya shule. Alhamisi Jemutai alisafiri na mama yake kwenda Olenguruone kumwona nyanyake, Kogo. Alfajiri ya siku hiyohiyo Mzee Khaemba alienda Kitale kwenye mazishi. Kabla ya kuondoka alimwagiza Akoth jambo moja tu: "Mlishe, mnyweshe, mwache apumzike. Miti isubiri."

Jemutai aliporudi Jumatatu alienda mbio moja kwa moja hadi uwanjani, maziwa ya mursik ya Kogo bado yakiwa kwenye mfuko. Alikuta Mzee Khaemba amechuchumaa kwenye mguu wa mbele wa Pareto. Akoth alikuwa amesimama pembeni, amekunja mikono.

"Mzee, shikamoo! Nimewaletea..."

"Njoo hapa."

Juu ya kwato, kwenye ngozi nyororo, kulikuwa na mikwaruzo minne iliyokauka damu. Kiganjani mwa Mzee Khaemba kulikuwa na kipande cha seng'enge kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Nimekitoa chini ya mti," alisema. "Mmoja wenu ameifunga miti seng'enge ili farasi achomwe, ainue miguu. Sasa haukaribii mti tena. Akiuona anatetemeka. Ni nani?"

Akoth akasema, bila kuinua macho, "Ni Jemutai, Mzee. Alhamisi asubuhi, kabla hajasafiri. Nilimkataza."

Jemutai alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Akoth, akingoja acheke, aseme ni mzaha.

"Akoth! Unasema nini?"

"Ulisema tunachelewa," Akoth alinong'ona.

"Sikusema! Mzee, sikufanya!"

Mzee Khaemba alisimama polepole. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ni nani aliyeinua mti juu ya jiwe, Jemutai?"

"Ni mimi, lakini hiyo ilikuwa..."

"Nenda nyumbani. Usimguse farasi huyu wala usiingie uwanja huu mpaka nikuambie."

Alitembea hadi nyumbani bila kuhisi mfuko mkononi. Si adhabu iliyomuuma. Iliyomuuma ni kwamba watu wawili waliomjua kuliko wote, mmoja alikuwa amesema uongo na mwingine akauamini bila hata kumwuliza mara ya pili. Mama yake alipomwuliza kulikoni, alisema kichwa kinamuuma.

Shuleni Akoth aliweka begi lake katikati ya dawati, kama ukuta. Hawakusalimiana. Jumanne ikapita hivyo.

Jumatano jioni Jemutai alijikuta amesimama nje ya ua wa uwanja, vidole kwenye waya. Pareto alikuwa mwisho kabisa, amejibanza mbali na miti. Jemutai hakuwa na nia yoyote ila kumtazama. Hapo ndipo alipoiona ardhi.

Mwezi mzima uwanja ule ulikuwa vumbi tupu. Kisha Jumamosi, siku moja tu, mvua ilinyesha Njoro, na watu wote walikuwa bado wakiizungumzia. Tope la siku hiyo sasa lilikuwa limekauka gumu kama tofali. Na katikati ya mti na mti, ndani ya tope hilo, kulikuwa na nyayo zilizofuatana kisigino kwa kidole. Tatu na nusu. Za miguu mitupu. Kubwa.

Angeweza kuruka ua, akaweka gambuti yake juu ya nyayo zile. Lakini alikuwa amekatazwa kuingia. Aliita kwa sauti hadi koo likakauka.

"Mzee Khaemba! Njoo, tafadhali! Umenikataza kuingia, njoo wewe uone!"

Mzee Khaemba alikuja na ndoo ya maji mkononi. Alitazama alikoonyeshwa. Aliweka ndoo chini. Akainama, akapima unyayo mmoja kwa kiganja chake.

"Mvua ilinyesha lini?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Jumamosi. Mimi nilikuwa kwa Kogo tangu Alhamisi."

"Nami nilimwagiza Akoth miti isubiri," alisema Mzee Khaemba, akavua kofia. Jemutai hakuwahi kumwona mtu mzima akivua kofia mbele ya mtoto.

"Nimekukosea, Jemutai. Ulifanya kosa moja wiki ya pili, nami nikalitumia kukuhukumu kwa kosa lisilo lako. Ningeuliza ardhi kabla ya kukufukuza. Nisamehe."

Jemutai alimtazama usoni. Akaitikia kwa kichwa.

Akoth hakuhitaji kuonyeshwa nyayo. Alipoitwa na kuwakuta wamesimama pale, alianza kulia kabla ya kuulizwa.

"Zilibaki wiki mbili tu," alisema kwa kwikwi. "Nilisikia farasi akichomwa kidogo anainua miguu. Sikujua ataogopa hivi. Nilimpenda, Mzee. Sikutaka aende kubeba mchanga."

"Na mimi?" Jemutai aliuliza. "Mimi ulitaka niende wapi?"

Akoth alijifuta machozi kwa kiganja.

Mama Rahab hakumfukuza. Alimpa kazi moja: kila jioni, kabla Pareto hajatolewa, apitishe mikono mitupu juu ya kila mti, kutoka ncha hadi ncha, ahakikishe hauna msumari, mwiba wala waya. Akoth aliifanya kazi hiyo kimya. Jemutai alimwona akiifanya na hakumsemesha. Alitamani kusahau, lakini kila alipoliona begi lile katikati ya dawati, aligeuzia uso dirishani.

Walianza tena kana kwamba Pareto hajawahi kuona mti. Siku ya kwanza Mzee Khaemba alilaza mti mmoja tu. Pareto alikoroma, akarudi nyuma. Jemutai hakumvuta. Alienda akauketia mti ule, akangoja. Ilipita karibu nusu saa. Mwishowe pua ya moto ilimgusa shingoni.

"Sikiza," alimnong'oneza. "Kila siku mara tatu tu. Ukivuka mara tatu, nakuvua hatamu, unaenda zako. Sitakuongezea hata moja. Nimekuahidi."

Siku ya tatu Pareto aliuvuka mti mmoja. Siku ya tano, miwili. Kila alipomaliza mara ya tatu, Jemutai alimvua hatamu palepale, hata siku alizokwenda vizuri hadi mtu akatamani kuona zaidi. Baada ya wiki moja Pareto mwenyewe alijua. Akimaliza ya tatu, anasimama, anashusha kichwa, anangoja. Kichochoro kikarudi, kisha duara. Mgongo uliokuwa mgumu kama benchi ulianza kucheza kila alipopiga hatua.

Siku ya mwisho pikapu ya kijani ilirudi mapema. Makhanu alishuka na simu mkononi.

"Nionyesheni, nami nirekodi," alisema. "Kamati yetu inakutana Jumatatu. Wakiona video, farasi anakuja wiki ijayo."

Akoth alipitisha mikono juu ya miti, akasogea kando. Jemutai alimwongoza Pareto. Mara ya kwanza walipita kichochoro, na hapakusikika hata ko! moja. Mara ya pili walizunguka duara upande wa kulia. Mara ya tatu upande wa kushoto, ule mgumu, na Pareto alijipinda kwa ulaini, kwato nne zikitua katikati ya nafasi kama zilizopimwa. Kisha akasimama. Akashusha kichwa.

"Safi kabisa!" Makhanu alipaza sauti. Akatazama simu, uso ukabadilika. "Aa, jamani! Imejaa! Haikurekodi kitu. Ngoja nifute picha za harusi ya dada yangu... Haya, msichana, rudia mara moja tu."

Jemutai hakusogea. Pareto alikuwa bado ameinamisha kichwa, anamngoja.

"Siwezi," alisema.

"Amechoka?"

"Hajachoka. Nilimwahidi mara tatu."

"Ulimwahidi nani?"

"Pareto."

Makhanu alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka. "Binti, bila video kamati haitaamua Jumatatu. Itabidi waje wenyewe mwezi ujao."

Mama Rahab alisogea, akamshika Jemutai bega. "Mwanangu, ni mara moja tu. Nyasi zilizobaki ghalani ni za siku nne. Mwezi mzima nitampa nini?"

Machozi yalimlenga Jemutai. Alikiona kila kitu: mkokoteni, mchanga, vidonda. Lakini pia aliiona siku ile Pareto alipotetemeka mbele ya mti, na alijua alivyohisi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado anahisi hivyo.

"Nitamkatia majani," alisema. "Kila siku kabla ya shule na baada ya shule. Mwezi mzima. Lakini akidanganywa na mtu mmoja halafu mwingine, ataamini nini tena?"

"Hata mimi nitakata," sauti ya Akoth ilisikika nyuma.

Jemutai hakugeuka. Hakumwambia karibu, wala hakumwambia aondoke.

Mama Rahab aliliachia lile bega. "Haya," alisema mwishowe. "Mwezi mmoja. Mtu wa mikokoteni atangoja."

Mzee Khaemba alisafisha koo. "Sikilizeni, wasichana, na mimi nikiwa wa kwanza wa kusikiliza. Akoth alitafuta njia ya mkato, akatupotezea kazi ya wiki nne na rafiki wa miaka saba. Mimi nilihukumu kwa haraka, nikamuumiza asiye na hatia. Kuaminiwa hakutengenezwi kwa seng'enge. Kunatengenezwa hivi tulivyofanya na miti hii: unaweka kitu mahali ulipomwambia mwenzako utakiweka, leo, kesho na kesho kutwa, hata siku ambayo kukihamisha kungekufaa wewe."

Makhanu aliirudisha simu mfukoni. "Nitaileta kamati," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka waone farasi, na nataka wamwone aliyemfundisha."

Kamati ilikuja mwezi uliofuata na kumkubali Pareto siku hiyohiyo. Lakini asubuhi ile hapakuwa na mtu aliyejua hilo. Alichokijua Jemutai ni siku thelathini za mundu, umande na mikono yenye malengelenge. Aliinua mikono, akaifungua hatamu, akaivuta taratibu kupitia masikio meupe. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, Pareto apate nafasi ya kwenda zake.